Kujifunza dramu za jazi ukubwani: kutoka padi ya mazoezi hadi jukwaani

Neno "jazz" lina historia yake huku kwetu. Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, NUTA Jazz iliyoanza 1964, OK Jazz ya Kinshasa ya 1956: zote zilikuwa bendi za dansi na rumba, na jina lilimaanisha tu bendi ya kisasa yenye magitaa na matarumbeta. Kwa hiyo ukimwambia mpiga dramu mkongwe wa Ilala kwamba unataka kujifunza jazi, usishangae akikuanzishia rumba. Mwongozo huu ni wa jazi ile nyingine, ya swingi, iliyokulia New Orleans na Harlem. Mwishoni tutarudi kwenye bendi za mtaani, kwa sababu huko ndiko utakakopata watu wa kupiga nao.

Jambo moja lielewe kabla hujanunua hata kijiti. Katika jazi, mwenye kushika saa, yaani mwendo wa wimbo, ni toazi. Mwanzoni saa ilikaa kwenye kiki, yaani ile ngoma kubwa ya mguu. Kenny Clarke, aliyekuwa akipiga katika klabu ya Minton's Playhouse huko Harlem mwanzoni mwa miaka ya 1940, aliihamishia kwenye toazi kubwa la mkono wa kulia, ambalo hapa tutaliita raidi. Mguu na mkono wa kushoto vikabaki huru kuchombeza na kujibu. Wengi wanaoanza ukubwani hawalijui hili. Wanamaliza mwaka mzima wakijifunza mikogo ya kuzungusha ngoma zote, huku mkono wa kulia ukiwa bado haujui kutembea.

Vifaa vya miezi mitatu ya kwanza

Usinunue seti. Nunua padi ya mazoezi ya mpira yenye upana wa sentimita 20 hadi 30, jozi mbili za vijiti vya namba 7A, kigoda kisichoyumba, na uweke kwenye simu programu ya metronomu, ile inayogonga mapigo kwa mwendo usiobadilika. Kijiti cha 7A ni chembamba kidogo kuliko 5A, ambacho ndicho utakachokikuta makanisani. Kina unene wa milimita 13 na ushee, na toazi hulia wazi zaidi likiguswa nacho. Kabla ya kulipia, viringisha kila kijiti juu ya kioo cha kaunta ya duka: kilichopinda kitarukaruka. Kisha gonga ncha ya kila kimoja mezani na uchague viwili vyenye mlio unaofanana.

Kigoda kiwe na urefu wa kuliacha paja lishuke kidogo kutoka nyonga kwenda goti. Ukikaa chini mno, mguu utatumia nguvu nyingi kujiinua na mgongo utakuuma kabla ya nusu saa.

Ukifikia kununua seti ya mitumba, ya jazi ndogo huwa na kiki ya inchi 18, tomu (ngoma isiyo na nyuzi) ya 12, tomu ya chini ya 14, snea (ngoma yenye nyuzi za chuma chini) ya 14, haihati (matoazi mawili yanayofungwa kwa mguu wa kushoto) za inchi 14 na raidi ya 20 au 22. Hizi ni adimu madukani kwetu. Utakayopata zaidi ni seti ya ngoma tano yenye kiki ya inchi 22, na inafaa tu. Toa tomu moja ili raidi isogee karibu, toa blanketi lililojazwa ndani ya kiki, kaza ngozi zaidi ya zilivyozoeleka, halafu piga kwa wepesi.

Pesa kubwa iende kwenye matoazi. Ngoma ya bei ya chini yenye ngozi mpya iliyokazwa vizuri hulia vya kutosha, lakini toazi baya halina dawa. Matoazi ya shaba nyekundu iliyochanganywa na bati, hasa yale ya asilimia 80 kwa 20, huwa na sauti yenye tabaka. Yale ya shaba ya njano, ambayo huja bure na seti za bei rahisi, hulia kama sinia. Kupima raidi ya mitumba, gonga kwa ncha ya kijiti katikati ya kitovu na ukingo. Unatakiwa usikie "ting" ya kijiti juu ya mvumo wa toazi, na ukiendelea kugonga kwa dakika nzima mvumo usiimeze "ting". Halafu pitisha ukucha ukingoni kote na kuzunguka tundu la katikati. Ukucha ukikwama kuna ufa, na ufa hauponi.

Ngoma nazo pima hivi: fungua ngozi, lalisha pipa la ngoma juu ya marumaru iliyo sawa gizani, weka tochi ya simu ndani. Mwanga ukivuja chini ya ukingo sehemu moja, hapo mbao imelika au imepinda, na ngoma hiyo haitatulia hata ukiikaza siku nzima. Kwa wanaoishi pwani, kagua pia skrubu za kukazia. Hewa ya chumvi huziozesha, na skrubu iliyoshika kutu ukiilazimisha hukatikia ndani.

Kushika kijiti

Kuna mshiko wa kale ambao mkono wa kushoto hushika kijiti kama mtu aombaye. Ulitoka kwa askari waliobeba snea ubavuni, ikiwa imeinama, wakipiga huku wakitembea. Unapendeza, na mabingwa wengi wa jazi waliutumia, lakini ukianza na umri wa miaka 40 hauna faida ya lazima. Shika mikono yote miwili sawasawa.

Bana kijiti kati ya dole gumba na kiungo cha kwanza cha kidole cha shahada, takriban theluthi moja kutoka nyuma. Vidole vitatu vilivyobaki vikizunguke bila kukibana. Achia kijiti kianguke kwenye padi: kikidunda chenyewe mara tano au sita, umeshika vizuri. Kikifia palepale, unakinyonga. Mtu mzima hukosea hapa kuliko mtoto, maana amezoea kushika vitu kwa nia: usukani, nyundo, mwiko. Maumivu ya mkono kati ya kiwiko na kifundo ni dalili ya kunyonga, na ukiyasikia usijikaze kiume. Acha, kunjua vidole, rudi kwa kasi ndogo.

Pigo la raidi

Kipimo kimoja kina mapigo manne. Katika swingi kila pigo limegawanywa vipande vitatu, kwa hiyo kipimo kina vipande 12. Aliyekulia Mombasa, Lamu au Unguja anao mgawanyo huu mwilini tayari: ndio uleule wa chakacha, ule unaozungusha kiuno cha bibi wa miaka 70 harusini bila yeye kuhesabu chochote. Tofauti ni kwamba chakacha hujaza vipande vingi, na raidi huacha vingi wazi.

Hivi ndivyo viungo vinavyopangana, x ikiwa ni kugonga na nukta ikiwa ni kimya:

Raidi: x . . | x . x | x . . | x . x
Haihati: . . . | x . . | . . . | x . .
Kiki: x . . | x . . | x . . | x . .

Anza kwa mdomo. Sema "ting, ting-ka-ting, ting-ka-ting" ukitembea, kila hatua pigo moja, kwa siku tatu kabla ya kugusa padi. Ile "ka" ni kipande cha tatu, chepesi, kinachoegemea "ting" inayofuata. Kisha mkono wa kulia kwenye padi, metronomu ikigonga mapigo 70 kwa dakika. Mguu wa kushoto utikisike kama kiti cha kubembea: kisigino chini pigo la kwanza na la tatu, ncha ya mguu chini pigo la pili na la nne. Kwenye seti, ncha ndiyo itakayofunga haihati. Kiki iache kabisa mwezi wa kwanza. Ukiiingiza, nyundo yake iondoke sentimita tatu tu kutoka kwenye ngozi na iguse kwa wepesi wa unyoya. Mtu aliyekaa mita mbili akiweza kuihesabu, umezidisha.

Pigo la pili na la nne la raidi lisizidi mengine kwa nguvu nyingi. Mwanafunzi husikia haihati ikifunga hapo na mkono wa kulia nao unaruka kuiunga mkono, hapo muziki unaanza kuchechemea.

Kosa jingine hujificha kwenye kasi. Mwendo wa polepole unaruhusu mgawanyo wa tatu ukae wazi. Kasi ikipanda, "ka" hujisogeza yenyewe katikati, na ikifika mapigo 220 hivi kwa dakika vipande vinakaribia kulingana. Mwenye kung'ang'ania mgawanyo uleule kwa kasi zote atasikika kama farasi. Kwenye kasi kubwa usiongeze nguvu za kifundo pia. Pigo la "ka-ting" litoke kwa mwendo mmoja wa mkono: ka kwa kidunda cha vidole, ting kwa kifundo kikishuka.

Baada ya wiki mbili, badilisha kazi ya metronomu. Iweke mapigo 50, na uhesabu kila mlio kuwa pigo la pili au la nne: sema "moja" kwenye kimya, "mbili" kwenye mlio, "tatu" kwenye kimya, "nne" kwenye mlio. Sasa unapiga kwa kasi ya 100, na nusu ya saa unaishika mwenyewe. Utapotea. Kila ukipotea simama, hesabu upya kwa mdomo, ingia tena. Kuwinda mlio huku unaendelea kupiga kunakufundisha kuwinda tu.

Mkono wa kushoto unapoanza kusema

Raidi ikitembea dakika tano bila kuyumba, mpe mkono wa kushoto neno moja. Piga snea kwenye kipande cha tatu cha pigo la kwanza, mara moja kwa kila kipimo, vipimo nane mfululizo. Halafu kipande cha tatu cha pigo la pili, vipimo nane. Kisha la tatu, kisha la nne. Pigo la pili na la nne ni rahisi, kwa sababu kushoto kunaangukia pamoja na "ka" ya kulia. La kwanza na la tatu ndiyo mtihani: mkono wa kushoto unazungumza wakati wa kulia umenyamaza, na hapo raidi hubadilika bila mwenyewe kujua. Ama inasita, ama inaongeza gongo lisilokuwepo.

Sikio lako haliwezi kushuhudia hilo likiwa kazini. Weka simu mita mbili mbali, rekodi dakika mbili, sikiliza ukiwa umeketi mahali pengine. Siku ukisikiliza raidi peke yake na usiweze kutambua mkono wa kushoto uliingia wapi, hamishia mazoezi yaleyale kwenye kiki, halafu changanya snea na kiki. Zoezi hili moja linatosha miezi minne, na lina mali zaidi ya vitabu vitatu vilivyofunguliwa kurasa za mwanzo.

Nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki, inaishinda Jumamosi moja ya saa tatu. Dakika tano za kwanza ziende kwenye viganja: moja-moja, mbili-mbili, na mchanganyiko wa kulia-kushoto-kulia-kulia, kushoto-kulia-kushoto-kushoto. Kumi za raidi na metronomu, kumi za mkono wa kushoto, na tano za mwisho piga pamoja na rekodi. Anza na mpiga dramu Jimmy Cobb katika rekodi za mpiga tarumbeta Miles Davis za 1959, maana raidi yake iko mbele, safi, na haijasongwa na madoido. Art Blakey na Max Roach wafuate. Elvin Jones msikilize kwa starehe tu kwanza. Na anayedhani mchezo huu ni wa misuli ya ujana amtazame Roy Haynes, aliyezaliwa 1925, akafariki 2024, na aliyekuwa bado akipanda jukwaani katika miaka yake ya 90.

Brashi, na jirani wa chumba cha pili

Anayeishi nyumba ya kupanga ajifunze brashi mapema. Zinahitaji ngozi ya snea yenye utando mweupe wa kukwaruza. Ngozi laini inayong'aa haitatoa sauti yoyote. Kama huna snea, bahasha kubwa ya kaki iliyobandikwa juu ya padi inafanya kazi vizuri. Brashi ya kushoto izunguke bila kuinuka, duara moja kwa kila mapigo mawili, kama mtu anayesugua sufuria taratibu. Ya kulia igonge pigo la raidi. Mzunguko ukikatika, wimbo wa polepole unabaki na mashimo, kwa hiyo zingatia kushoto kuliko kulia.

Kwa seti kamili, mahali pa uhakika ni kanisani. Makanisa mengi yana dramu zinazolala Jumatatu hadi Alhamisi. Mwendee kiongozi wa kwaya, na usiende mikono mitupu: jitolee kubadilisha ngozi na kukaza seti. Kazi yenyewe ni hii. Futa ukingo, weka ngozi, kaza skrubu zote kwa vidole hadi zigome. Kisha kwa ufunguo, nusu mzunguko kila moja, ukiruka kwenda ya upande wa pili badala ya kufuata duara. Gonga sentimita tatu kutoka kila skrubu, ulinganishe sauti, upandishe iliyo chini. Ngozi ya chini ikazwe zaidi kidogo kuliko ya juu. Kwenye matoazi, hakikisha kila nguzo ina bomba dogo la plastiki, chuma kisigusane na chuma, na nati ya juu isikazwe hadi mwisho. Toazi lisiloweza kuyumba ndilo linalopasuka. Fundi wa namna hii hanyimwi ufunguo wa kanisa.

Masikio nayo. Kikomo cha kelele kazini kinachopendekezwa na NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, ni decibeli 85 kwa saa nane, na kila decibeli tatu zinazoongezeka hukata muda nusu, hivyo kwenye 100 unabaki na robo saa. Seti ndani ya chumba chenye ukuta wa saruji hufika hapo bila shida. Vaa vizibo tangu siku ya kwanza. Mlio wa nzi masikioni ukishaingia unaweza usitoke tena.

Kujua uko wapi kwenye wimbo

Mpiga jazi hasomi tu kipimo kilichopo, anabeba wimbo mzima kichwani. Maumbo mawili yanabeba sehemu kubwa ya kazi: bluzi ya vipimo 12, na wimbo wa vipimo 32 wenye sehemu nne za vipimo nane, ya kwanza, ya pili na ya nne zikifanana, ya tatu ikiwa daraja. Piga raidi ukiimba sauti ya wimbo, kisha piga raundi tatu ukiiimba kimoyomoyo, na raundi ya nne uitoe kwa sauti. Ukiangukia mahali pake, unalijua umbo.

Kuna kipindi wenzako watapokezana nawe nne-nne: saksafoni vipimo vinne, dramu vinne. Hapo mwanagenzi hujaza kila upenyo na kusahau kuhesabu. Piga kidogo, jibu alichosema saksafoni, na pigo la kwanza la kipimo cha tano lisikike bila utata. Ukipotea kabisa, rudi kwenye raidi, punguza sauti, msikilize mpiga besi. Daraja likija utalitambua kwa namna anavyobadilisha njia.

Kuingia kwenye muziki wa mahali ulipo

Klabu za jazi tupu ni chache kwetu, na ukizisubiri utazeeka na padi yako. Sikiliza kilichopo. Msondo Ngoma, ambayo ndiyo iliyokuwa NUTA Jazz, na Mlimani Park Orchestra, yaani Sikinde, iliyozaliwa 1978, ni shule za kushika mwendo kwa saa nne bila kuongeza kasi. Zanzibar kuna Dhow Countries Music Academy, iliyoanza 2002, na tamasha la Sauti za Busara la kila Februari huko Ngome Kongwe. Bagamoyo kuna TaSUBa, chuo cha sanaa. Nairobi, Kenya Conservatoire of Music imefundisha tangu 1944. Hotelini nako kuna watatu-wanne wanaopiga jazi ya chakula cha jioni kwa sauti ya chini, na wapiga dramu wao hawapati anayewatazama. Kaa upande wa haihati, uone mguu wa kushoto na mkono wa kulia kwa pamoja.

Ukialikwa kupiga na bendi ya dansi, swingi yako iache nyumbani. Rumba haigawanyi pigo tatu. Sebene, ile sehemu ya kasi ya magitaa, inapoingia, snea na kiki hubeba mwendo ule wa kuchapa uliosambazwa na bendi ya Zaiko Langa Langa ya Kinshasa tangu miaka ya 1970, na mpiga tumba amejaza palipobaki. Kubadilisha kati ya migawanyo hii miwili kwa amri ni ujuzi wenyewe. Tony Allen wa Lagos, aliyeanza kujifunza akiwa na miaka 18 huku akifanya kazi ya ufundi redioni, alijenga afrobiti kwa kuwasikiliza Blakey na Roach sambamba na muziki wa kwao.

Kuomba nafasi kuna adabu yake. Nenda wakati wa mapumziko, wala si wimbo ukiendelea. Amkia wazee kwanza, umwendee kiongozi wa bendi: "Shikamoo mzee. Najifunza dramu, naomba kupiga wimbo mmoja kipindi kijacho, mpiga dramu wenu akiridhia." Kisha mwendee mpiga dramu mwenyewe. Kama umewahi kumtuza jukwaani atakukumbuka, na kama hujawahi, anza leo. Njoo na vijiti vyako. Usisogeze toazi lake hata sentimita moja bila ruhusa, kigoda tu unaweza kukishusha, na ukimaliza ukirudishe. Ukiulizwa upige nini, usitaje wimbo mgumu. Sema bluzi katika F, mwendo wa wastani, halafu hesabu moja-mbili-tatu-nne kwa kasi ya sauti ya wimbo unayoiimba kichwani, maana woga huongeza kasi hata kabla hujaanza.

Wimbo mmoja, wa pili ukiombwa, halafu shuka na usiondoke. Kaa hadi wamalize, umsaidie mwenye seti kubeba mfuko wa matoazi hadi kwenye gari. Wiki ijayo hutahitaji kuomba.